Kitenzi kigumu katika hiroglifi za Kiluwi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hufika hapa wakiwa na kitu kilekile mkononi: mstari mmoja kutoka jiwe la Uturuki au Syria, umenakiliwa kwa herufi za Kilatini, na katikati yake kuna kitenzi ambacho kamusi imekiwekea alama ya kuuliza. Maswali haya yamepangwa kuanzia yale ya anayekutana na Kiluwi leo hadi yale ya anayebishana na kamusi. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mwanzo kabisa

1. Kiluwi ni lugha gani?

Ni lugha ya kale ya Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, na ni ndugu wa Kihiti. Msomaji wa Biblia anawajua Wahiti kupitia Uria Mhiti, ingawa Wahiti wenye dola kubwa waliishi kaskazini zaidi na mji mkuu wao ulikuwa Hattusa, karibu na Boğazkale ya sasa. Kiluwi na Kihiti, pamoja na Kipalai, Kilikia, Kilidia na Kikaria, ni tawi la Anatolia katika familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya.

Kiluwi kiliandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kikabari, yaani alama zenye umbo la kabari, kwenye vigae vya udongo huko Hattusa. Ya pili ni hiroglifi, kwenye mihuri na mawe. Dola la Wahiti lilipoanguka karibu mwaka 1180 KK, kikabari kilikufa nalo katika eneo hilo, lakini hiroglifi ziliendelea katika falme ndogo za kusini kama Karkemishi, Malatya, Maraş na Hamathi hadi karibu mwaka 700 KK. Maandishi marefu mengi yanatoka kipindi hiki cha pili, na karibu yote ni ya wakubwa wanaojisifu: nimejenga, nimesimamisha, nimeshinda, na atakayegusa jina langu miungu wamshughulikie.

2. Je, ni hiroglifi zilezile za Misri?

Hapana. Zinafanana kwa kuwa picha tu. Za Anatolia ni karibu alama 500, na zilizaliwa hukohuko. Mistari yake huenda na kurudi kama ng'ombe anayelima: mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, unaofuata kinyume chake. Nyuso za watu na wanyama hutazama upande mstari unapoanzia, kwa hiyo unasoma ukiwaelekea usoni.

Alama za sauti ni za silabi wazi: *ta, ti, tu, sa, pi*. Mswahili anajisikia nyumbani hapo, lakini asijiamini mno. Kiluwi chenyewe kina konsonanti zinazofuatana na maneno yanayoishia na konsonanti, hivyo mwandishi alilazimika kuweka irabu ambazo hazikutamkwa. Jina la Azatiwada, mjenzi wa ngome ya Karatepe (swali la 9), huandikwa na *-sa* mwishoni, na ile *a* ni ya kujaza nafasi tu.

3. Kwa nini kitenzi ndicho kinachosumbua kuliko nomino?

Nomino nyingi zina picha inayojieleza, au ni majina ya watu, miji na miungu tunayoyajua kutoka maandishi ya Ashuru. Kitenzi hakina bahati hiyo. Ng'ombe huchorwa, "kusamehe kodi" utakuchoraje? Isitoshe, maandishi yaliyobaki ni machache na yanarudia mambo yaleyale, hivyo vitenzi vichache tunavijua vizuri sana kwa kuvisoma kila mara, na vingine tumeviona mara moja au mbili maishani.

## Kusoma mstari wenyewe

4. Herufi kubwa za Kilatini, nyota na namba zina maana gani?

Ni mapatano ya wataalamu, hayamo kwenye jiwe. Alama inayosimamia neno zima hupewa jina la Kilatini kwa herufi kubwa: MAGNUS ni "mkuu", REX ni "mfalme", DEUS ni "mungu". Jina hilo halisemi neno lilitamkwaje. Alama ikiwa kwenye mabano mbele ya neno, kwa mfano *(LITUUS)á-za-*, inaonyesha kundi la maana ambalo neno limo, na msomaji wa kale hakuitamka. Herufi ndogo zenye vistari ndizo silabi. Alama ambayo haijapatiwa jina huandikwa kwa nyota na namba, mfano *255, kufuata orodha ya Emmanuel Laroche ya mwaka 1960.

Ukiona *wa/i* au *ra/i*, maana yake alama moja inasomeka kwa irabu mbili na ni wewe wa kuamua. Hapo ndipo wanaoanza wengi huteleza, kwa kuchagua irabu inayowapendeza na kusahau kwamba walichagua.

5. Nitajuaje neno lipi ni kitenzi?

Tafuta mwisho wa sentensi. Kitenzi cha Kiluwi kwa kawaida hukaa mwishoni, ingawa mwandishi akitaka kukikazia anaweza kukitanguliza. Mwanzo wa sentensi hutambulika kirahisi: neno la kwanza hubeba msururu wa vipachiko, yaani vijineno vinavyong'ang'ania mwishoni mwake, na mara nyingi kimojawapo ni *-wa*, kinachoashiria kuwa haya ni maneno ya mtu anayesema. Jiwe linaongea, kwa hiyo *-wa* imejaa kila mahali. Neno linalotangulia msururu mpya ndilo mtuhumiwa wako.

Kisha angalia kiishio. *-ha* ni "nili-", *-ta* ni "ali-", *-ti* au *-i* ni wakati uliopo au ujao wa nafsi ya tatu, *-wi* ni wa nafsi ya kwanza, *-tu* ni "na afanye". Lakini *-ha* hiyohiyo ni pia kipachiko cha "na". Katika maandishi ya Karatepe (swali la 9) kuna sentensi inayoanza *su-wa/i-ha-ha-wa/i*: *-ha* ya kwanza ni "nili-", ya pili ni "na", kisha *-wa*. Asiyejua hudhani fundi alirudia kwa makosa.

6. Mbona kiishio kimoja kinatafsiriwa mara "alifanya", mara "walifanya"?

Kwa sababu mwandiko huu hauonyeshi *n* iliyo mbele ya konsonanti nyingine. *-ta* inaweza kuwa *-ta* ya mmoja au *-nta* ya wengi. Vivyo hivyo *-ti* na *-nti*, *-tu* na *-ntu*.

Aliyewahi kusoma hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hatashangaa. Herufi *ba* ilibeba *b* na *mb* pamoja, na msomaji wa Lamu alijua mwenyewe kuwa anayechinjwa ni mbuzi. Msomaji wa Karkemishi naye alijua. Sisi tunategemea mtenda: akiwa "miungu", soma wingi. Mtenda asipotajwa, acha pande zote mbili wazi.

Jambo lingine dogo: katika maandishi ya mwishomwisho, sauti ya *t* kati ya irabu iligeuka *r*, hivyo *-ri* na *-ra* zinaweza kuwa *-ti* na *-ta* zilezile.

7. Picha iliyo mbele ya kitenzi haitoshi kunipa maana?

Haitoshi, na LITUUS ndio ushahidi ninaoupenda. Ni alama yenye umbo la fimbo iliyopinda, na wataalamu waliipa jina la fimbo ya makuhani wa Roma waliotazama ndege. Inatangulia kitenzi cha kuona. Inatangulia pia *áza-*, "kupenda": Katuwa, mtawala wa Karkemishi, anajiita *(LITUUS)á-za-mi-*, "mpendwa", wa miungu. Tena inaonekana na kitenzi cha kujua. Kuona, kupenda, kujua: ukiambiwa tu "LITUUS", umeambiwa ni jambo la jicho na moyo, basi. Aliyeamua kwamba kila LITUUS ni "kutazama" angemfanya Katuwa kuwa mtazamwa wa miungu, tafsiri ambayo si mbaya kusikika, ndiyo maana ni ya hatari.

Picha inakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe, kwa njia zilizo katika sehemu inayofuata.

## Kutafuta maana

8. Nianze na kamusi au na maandishi?

Na maandishi. Kusanya kila mahali kitenzi hicho kilipotokea, kisha uandike kando ya kila mfano: nani anatenda, nini kinatendwa, kuna kielezi gani karibu, na sentensi inayofuata inasema nini. Kwa mawe ya baada ya kuanguka kwa dola kazi hii imerahisishwa na mkusanyo mkubwa wa J. David Hawkins wa mwaka 2000.

Laana za mwisho wa maandishi ndizo msaada mkubwa kuliko yote, kwa sababu zina mashimo yanayojulikana. "Atakaye____ jina langu" haikubali vitenzi vingi. Karkemishi hapo pana kitenzi kinachoandikwa kwa picha ya nyundo, MALLEUS, pamoja na *arha*, "mbali, kabisa". Picha inasema kupiga, shimo linasema kuharibu jina, *arha* inasema kumaliza: ni kufuta jina kwa kuligonga jiwe. Laana ya Karatepe, ambako maandishi yaleyale yako kwa Kiluwi na kwa Kifoinike (swali la 9), kwa upande wa Kifoinike nayo inamlaani anayefuta jina. Hivyo tunajua maana vizuri, hata pale ambapo matamshi kamili ya kitenzi yamefichwa na picha.

9. Karatepe ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Karatepe ni ngome iliyo juu ya kilima kusini mwa Uturuki, iliyojengwa na Azatiwada mwishoni mwa karne ya 8 KK. Helmuth Bossert na Halet Çambel waliifikia mwaka 1946. Malangoni walikuta maandishi marefu yaleyale kwa Kifoinike na kwa Kiluwi. Kifoinike ni ndugu wa karibu wa Kiebrania, kinasomeka. Kwa mara ya kwanza palikuwa na matini ndefu ya kupimia makisio ya miaka mingi. Vipande vya Kiluwi vimetawanywa juu ya mawe bila mpangilio wa kusoma, na ni Kifoinike kilichosaidia kuvipanga.

Rudi kwenye *suwa-* ya swali la 5. Kiluwi: "na-*suwa* *karuna* za Pahar." Kifoinike mahali hapohapo kina *ml'*, kitenzi cha kujaza. Kihiti kina kitenzi cha kujaza chenye mzizi unaofanana. Mashahidi watatu wasiotegemeana: nilijaza maghala ya Pahar. La kuchekesha ni kwamba neno la Kifoinike la maghala lenyewe ni adimu, na *karuna* ya Kiluwi ndiyo iliyosaidia kulielewa. Mwalimu naye alikuwa na swali.

Yako maandishi mengine ya lugha hizi mbili. La Çineköy, karibu na Adana, liko kwenye sanamu ya mungu wa radi na gari lake la ng'ombe, lilipatikana mwaka 1997.

10. Viambishi vya kitenzi vinasaidia kiasi gani?

Sana, na hapa Mswahili ana faida asiyoitegemea. Kiluwi kina *-nu-* (au *-nuwa-*), ambayo ni kauli ya kutendesha. *Ta-* ni simama. *Tanuwa-* ni simamisha, kitenzi cha kila mfalme aliyeweka sanamu. *Ura-* ni "mkuu". *Uranuwa-* ni kufanya mkuu. Azatiwada anasema kwamba Awariku, mfalme wa Adanawa, *MAGNUS+ra/i-nu-wa/i-ta*, yaani "alinikuza". Mwanafunzi anayetokea lugha isiyo na kauli hii huhitaji sentensi nzima kueleza. Sisi tuna kua na kuza, simama na simamisha. (Binafsi ningesema "alinikweza", maana ni habari ya cheo wala si ya kimo.)

Ukiona *-nu-* katika kitenzi usichokijua, ikate, kisha utafute kinachobaki. Huenda unakijua.

Ipo pia kurudufisha. *Piya-* ni kutoa. *Pipasa-* ni kutoa tena na tena. Tunasema mtu anatoatoa, na mantiki ni hiyohiyo. Mwisho, *-mi-* hutengeneza sifa inayotokana na kitenzi, kama *ázami-* ya swali la 7.

11. Nimepata kitenzi cha Kihiti kinachofanana kabisa. Si nimemaliza?

Bado. Kufanana kwa sauti ni shahidi wa mwisho kuitwa, na awe amekuja na wenzake. Kisa chake kiko katika swali la 12, nacho kinawauma hata wataalamu. Lugha ndugu hubadilishana maana pia: muulize Mswahili aliyekwenda kwa Wakongo akidhani kila neno la Kiswahili kule lina maana ya Dar es Salaam.

## Kesi ngumu

12. Vitabu viwili vinanukuu jiwe moja lakini kitenzi ni tofauti. Kipi kimekosea?

Tazama miaka ya kuchapishwa. Kitenzi cha "kufanya" ndicho mfano bora. Vitabu vya zamani vilikisoma *a-i-a-*, na kila mtu aliridhika, kwani Kiluwi cha kikabari kina *aya-* yenye maana ya kufanya. Picha nzuri kabisa. Kisha mnamo 1973 na 1974 Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann walionyesha kwamba alama kadhaa za kawaida zilikuwa zimesomwa vibaya. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye mitungi ya Altıntepe, iliyoandikwa vipimo vya Kiurartu, lugha ya ufalme wa kale wa Urartu, kwa hiroglifi za Anatolia. Majina ya vipimo hivyo yalikuwa yanajulikana, hivyo alama zikalazimika kusema ukweli. Alama iliyosomwa *i* ikawa *zi*. Iliyosomwa *a* ikawa *i*. *A-i-a-* ikageuka *i-zi-ia-*. Ule undugu mzuri na *aya-* ukaanguka siku hiyo.

Lakini tazama kilichobaki wima: maana. Karatepe ilikuwa imeshasema, "nilifanya farasi juu ya farasi, jeshi juu ya jeshi", na Kifoinike kimesema "nilifanya". Sauti ilikuwa makosa, maana ilikuwa sahihi. Kwa hiyo katika daftari lako weka safu mbili, moja ya sauti na moja ya maana, na usiruhusu moja iitolee nyingine dhamana.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka 2010 Elisabeth Rieken na Ilya Yakubovich walionyesha kwamba alama mbili zilizosomwa kama aina za *ta* zina sauti ya *la* au *li*. Neno la "jina" likawa *alaman-*, na likakutana na *laman* ya Kihiti. Majina ya watu yalihama pia: yule mtawala wa Karkemishi aliyejigamba kujua lugha 12 na miandiko minne aliitwa Araras katika vitabu vya zamani. Leo ni Yariri.

13. Kitenzi changu kimeonekana mara moja tu duniani. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni mara moja kweli. Huenda kimeandikwa kwingine kwa picha tu, bila silabi, au kwa irabu nyingine ya *wa/i* (swali la 4), au chini ya usomaji wa zamani (swali la 12). Kisha kikate viambishi (swali la 10). Kikibaki peke yake hata hivyo, sema aina ya tendo na uishie hapo: "kitenzi cha kusogea", "kitenzi cha kudhuru".

Barua za Assur, mji wa kale wa Ashuru, zinastahili tahadhari ya pekee. Ni vipande vya risasi vilivyoandikwa na wafanyabiashara, na mambo yake ni ya kutumiana bidhaa na kulalamikiana. Msamiati wake si wa wafalme. Ukilazimisha vitenzi vyake viwe vya vita na ujenzi, utapata mfanyabiashara anayebomoa ngome kwa sababu hakutumiwa mzigo.

14. Je, Kifoinike na Kiluwi vikipingana?

Hutokea, maana hizi si tafsiri za neno kwa neno. Sentensi ya kwanza kabisa ya Karatepe ina tatizo hilo. Kifoinike kinamwita Azatiwada *hbrk b'l*. Wengine husoma "mbarikiwa wa Baali". Wengine wanaona humo cheo cha msimamizi, kilichotokana na neno *abarakku* la Kiakadi, lugha ya Ashuru na Babeli. Kiluwi kinasema *SOL-mi-sa*: picha ya mungu jua na kiishio cha *-mi-*. Kitenzi kimefichwa ndani ya picha. "Aliyebarikiwa na Jua" inaelekea, na wanaosoma "mbarikiwa" upande wa pili hufurahi, lakini angalia mzunguko: Kiluwi kinaelezwa kwa Kifoinike, halafu Kifoinike kinaelezwa kwa Kiluwi. Tena Baali si Jua. Mimi huandika "wa Jua" na kuacha baraka katika tanbihi.

15. Akili mnemba haiwezi kunimalizia kazi?

Inaweza kukutafutia mifano haraka ikiwa imelishwa maandishi sahihi. Maana mpya haitoi hewani: matini ni chache, na nyingi kwenye mtandao zimechanganya usomaji wa kabla na wa baada ya 1974. Ukiletewa jibu lenye *aia-*, unajua limetoka kabati gani.

Kwa wanaotaka kuchapa alama zenyewe: hiroglifi za Anatolia ziliingizwa katika Unikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2015, alama 583. Unahitaji fonti yenye alama hizo.

16. Niandike nini katika tafsiri yangu ya Kiswahili?

Andika kitenzi cha upana uleule wa ushahidi. Ukijua ni kuharibu lakini hujui kwa njia gani, andika "kuharibu", wala si "kuchoma". Kiswahili kina vitenzi vya upana huo: *kutenda, kuweka, kuondoa, kudhuru*. Ukiwa na wasiwasi, acha neno la Kiluwi kama lilivyo katikati ya sentensi, kama nilivyofanya na *suwa* hapo juu, ueleze chini. Usiweke alama ya kuuliza kwenye mabano halafu aya inayofuata ukajenga hoja juu yake kana kwamba haikuwepo. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, hata katika kazi zilizochapishwa.

17. Nina picha ya jiwe ambalo silioni katika mkusanyo wowote. Nianzie wapi?

Usilisugue, usilipake chaki, usilihamishe. Piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga uje kutoka ubavuni ili michongo iote kivuli. Piga kutoka pande kadhaa, na uweke rula kando. Kisha peleka taarifa kwa makumbusho ya eneo hilo. Mwaka 2019 huko Türkmen-Karahöyük, kusini ya kati mwa Uturuki, ni mkulima aliyewaambia wanaakiolojia kwamba kuna jiwe lenye alama kwenye mfereji wa maji. Waliingia majini na kukuta maandishi ya Mfalme Mkuu Hartapu akieleza ushindi wake dhidi ya nchi ya Muska. Ni mistari michache tu, na tarehe yake bado inabishaniwa.